Jinsi Nuru ya Jua Iondoavyo Elektroni katika Atomu

Wasomaji wetu, kila mwenye redio ya mawimbi ya kati amekwisha kuona jambo moja la kustaajabisha. Saa sita za mchana husikia stesheni iliyo karibu tu, na akitafuta za mbali hapati ila mvumo. Lakini saa mbili za usiku, kwa redio ile ile na betri zile zile, huanza kusikia sauti za miji iliyo mbali sana, hata mara nyingine sauti mbili hupandana zikashindana. Wako wasemao kwamba usiku upepo hutulia, ndiyo maana sauti hupita vizuri. Sivyo. Ingawa wazee wetu waliiita redio simu ya upepo, mawimbi yake hayachukuliwi na upepo hata kidogo. Sababu ya kweli iko juu ya vichwa vyetu, kilometa 60 na zaidi kutoka ardhini, mahali ambapo nuru ya jua huzigonga atomu za hewa na kuzitoa elektroni zake. Katika maongezi haya tutaeleza jinsi kazi hiyo ifanyikavyo, na kwa nini yatupasa kuijua.

Kwanza tuseme habari za atomu. Vitu vyote tuvionavyo, na hewa tusiyoiona, vimefanywa kwa atomu. Katikati ya kila atomu kuna kiini kizito chenye umeme wa namna iitwayo chanya. Kukizunguka kiini hicho zipo elektroni, nazo zina umeme wa namna ya pili, uitwao hasi. Chanya na hasi huvutana, kwa hiyo elektroni haitoki katika atomu yake yenyewe tu, kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba asivyoweza kwenda apendapo. Umeme wa kiini na umeme wa elektroni zake ni sawasawa, basi atomu nzima huonekana kama haina umeme wowote. Lakini elektroni moja ikiondolewa, atomu husalia na chanya iliyozidi, na hapo haiitwi tena atomu tu, bali huitwa ayoni. Elektroni ilitambuliwa mwaka 1897 na Bwana J. J. Thomson, mtaalamu wa Cambridge katika Uingereza.

Kuikata kamba hiyo kunahitaji nguvu, na kila namna ya atomu ina kiasi chake. Wataalamu huipima nguvu hiyo kwa kipimo kidogo kiitwacho elektronivolti. Atomu ya haidrojeni hudai elektronivolti 13.6, na atomu moja moja ya oksijeni hudai karibu kiasi kile kile. Oksijeni tuvutayo puani, ambayo atomu zake zimeshikana mbili mbili, hudai 12.1. Naitrojeni, iliyo sehemu kubwa ya hewa, nayo ikiwa mbili mbili, hudai 15.6. Heli ni bahili kupita zote, hudai 24.6. Sizi, ambayo ni madini laini, ni rahisi kupita zote, nayo hudai 3.9 tu. Tafadhali msomaji azikumbuke hesabu hizi, maana tutazirudia.

Sasa tuitazame nuru. Kwa muda mrefu wataalamu walijua kwamba nuru ni mawimbi, na kwamba rangi zake hutofautiana kwa urefu wa wimbi. Rangi nyekundu ina mawimbi marefu, ya urujuani ina mafupi. Na nje ya urujuani iko nuru nyingine, yenye mawimbi mafupi zaidi, ambayo jicho la mwanadamu haliioni. Hiyo ndiyo iitwayo urujuanimno. Mbele yake tena iko miali ya eksirei, ile ile itumiwayo hospitali kupiga picha za mifupa.

Mwaka 1887 Bwana Heinrich Hertz wa Ujerumani alikuwa akifanya majaribio ya mawimbi ya redio, ambayo yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyaonyesha wazi. Chombo chake kilitoa cheche ndogo za umeme. Aliona ya kuwa cheche hizo huruka mbali zaidi zikimulikwa na nuru ya cheche nyingine kubwa. Alipoweka kioo katikati, nguvu ile ilikoma. Alipoweka jiwe la kwazi, ambalo hupitisha urujuanimno, nguvu ilirudi. Mwaka uliofuata Bwana Wilhelm Hallwachs aliimulika sahani ya zinki kwa nuru ya namna hiyo, naye akaona umeme hasi unaitoka. Baadaye ikajulikana kwamba kitu kitokacho ni elektroni.

Hapo ndipo lilipotokea fumbo. Kama nuru ni mawimbi tu, ingefaa nuru kali izitoe elektroni kwa nguvu zaidi kuliko nuru hafifu. Lakini Bwana Philipp Lenard alipopima, mwaka 1902, aliona sivyo. Taa ikizidishwa ukali, elektroni zitokazo huwa nyingi zaidi, lakini mwendo wao hauzidi. Na nuru isiyokuwa ya rangi ifaayo haitoi hata elektroni moja, ijapokuwa ni kali namna gani na ijapokuwa imewaka kwa siku nyingi.

Jibu lilitolewa mwaka 1905 na Bwana Albert Einstein, aliyekuwa kijana wa miaka 26, mfanyakazi katika ofisi ya hataza katika mji wa Bern. Alisema kwamba nuru hutoa na kupokewa kwa vipande vipande, na kila kipande kina kiasi chake cha nguvu, ambacho hakigawanyiki. Vipande hivyo siku hizi huitwa fotoni. Kadiri wimbi lilivyo fupi, ndivyo fotoni yake ilivyo na nguvu. Fotoni ya nuru nyekundu ina elektronivolti kama 1.8, ya urujuani kama 3.1, na ya urujuanimno au eksirei huzidi hapo mara nyingi.

Mfano wake ni huu. Mtoto akisimama chini ya mwembe na kulitupia embe punje za mtama, naam, atupe kutwa nzima na gunia zima liishe, embe halianguki. Mwenziwe akitupa jiwe moja likalenga, embe liko chini. Punje zote pamoja zilikuwa nzito kuliko jiwe lile, lakini kila moja iligonga peke yake, nayo peke yake haikutosha. Ndivyo ilivyo nuru. Tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba, na katika mambo ya mavuno na akiba ni kweli. Lakini kwa fotoni na atomu kibaba hakijai kwa haba. Fotoni moja hukutana na elektroni moja: ama inatosha, ama haitoshi. Sasa msomaji atazame hesabu zile za kwanza. Atomu iliyo rahisi kupita zote, yaani sizi, hudai 3.9, na fotoni ya urujuani ina 3.1 tu. Kwa hiyo hakuna atomu iliyo peke yake, katika hali yake ya utulivu, iwezayo kutolewa elektroni na fotoni moja ya nuru tuionayo kwa macho. Jua la saa sita, kwa ukali wake wote machoni petu, haliwezi kazi hii kwa nuru yake nyeupe. Huiweza kwa miali isiyoonekana.

Hata hivyo yafaa tuongeze neno moja. Tangu miaka ya 1960, wataalamu wenye taa za leza wameweza kuzikusanya fotoni kwa wingi usio wa kawaida, hata atomu ikameza fotoni kadhaa kwa mara moja na elektroni ikatoka. Lakini nuru ya jua haina msongamano wa namna hiyo, kwa hiyo kanuni ya Bwana Einstein ndiyo itawalayo huko juu. Katika Marekani Bwana Robert Millikan aliijaribu kanuni hiyo kwa madini mbalimbali kwa miaka mingi, akitumaini kuonyesha kwamba ina kasoro. Mwaka 1916 vipimo vyake vyenyewe vilimwonyesha kwamba hesabu ni sahihi. Bwana Einstein alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921 kwa kuivumbua kanuni hiyo, na Bwana Millikan alipewa yake mwaka 1923.

Basi fotoni yenye nguvu ya kutosha ikiifikia atomu, mambo hutokeaje? Fotoni haigawi nguvu yake, sehemu kuipa atomu na sehemu kwenda nayo. Humezwa yote, ikatoweka. Nguvu yake hulipa kwanza deni la kifungo, na kilichosalia huwa mwendo wa elektroni. Ni kama mtu afikaye kivukoni na noti mkononi: hutoa nauli, na chenji ndiyo atakayotumia ng'ambo.

Tutoe hesabu ya kweli. Jua hutoa mwali mmoja wenye nguvu sana, utokao katika heli yake, ambao urefu wa wimbi lake ni nanometa 30.4, nanometa ni sehemu moja ya milioni ya milimeta. Fotoni ya mwali huo ina elektronivolti 40.8. Ikiigonga atomu ya oksijeni, 13.6 huenda katika kifungo, na 27.2 husalia. Kama ayoni haikujiwekea sehemu ya chenji hiyo kwa kutaharuki, yote huwa ya elektroni, nayo hutoka kwa mwendo wa kilometa kama 3,000 kwa kila sekunde. Ayoni yenyewe karibu haisogei, maana ni nzito kuliko elektroni zaidi ya mara 29,000.

Eksirei zina desturi nyingine. Nguvu yake ni kubwa hata huweza kuichukua elektroni iliyo ndani kabisa, karibu na kiini. Hapo nafasi hubaki wazi, na elektroni ya nje hushuka kuijaza. Katika kushuka hutoa nguvu, na mara nyingi nguvu hiyo humfukuza jirani yake, hata atomu moja ikapoteza elektroni mbili. Tena elektroni ya kwanza huenda kwa kasi kubwa, ikizigonga atomu nyingine njiani na kuzitoa elektroni nazo. Hivyo fotoni moja ya eksirei huacha nyuma yake ayoni nyingi sana.

Na kazi hii huchukua muda gani? Zamani ilidhaniwa kwamba elektroni hutoka papo hapo, bila muda wowote. Mwaka 2010 wataalamu waliofanya kazi katika Ujerumani walipima atomu za neoni, wakaona ya kuwa elektroni za chumba kimoja hutoka zimechelewa nyuma ya zile za chumba kingine kwa atosekunde kama 20. Msomaji akitaka kuijua atosekunde, aigawanye sekunde moja katika sehemu bilioni moja, kisha achukue sehemu moja tu na kuigawanya tena katika sehemu bilioni moja. Kwa ufundi wa kutengeneza mimweko ya nuru iliyo mifupi kiasi hicho, Pierre Agostini, Ferenc Krausz na Bibi Anne L'Huillier walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2023.

Sasa turudi juu angani, tulikoanzia. Miali mikali ya jua ifikapo katika hewa ya juu huzitoa elektroni katika oksijeni na naitrojeni, na kwa kazi hiyo hiyo miali humalizika. Hilo ni jema kubwa kwetu, maana kama ingefika ardhini ingedhuru kila kilicho hai. Hewa huilipa gharama hiyo kwa niaba yetu kila siku.

Elektroni hizo huru hukaa kwa matabaka, ambayo wataalamu wameyapa herufi. Tabaka la juu huitwa F, nalo huanzia kilometa 150 na kupanda hata mamia kadhaa. Huko mchana huweza kuwapo elektroni huru kama milioni moja katika nafasi ya sentimeta moja kila upande, ingawa hata hapo atomu nyingi zaidi bado ni nzima. Chini yake, kilometa 90 hata 150, ni tabaka la E. Na chini kabisa, kilometa 60 hata 90, ni tabaka la D.

Hapo D hesabu zetu hutupa jambo zuri. Miali iliyo mingi imekwisha kumezwa juu. Lakini mwali mmoja wa haidrojeni ya jua, wenye nanometa 121.6, hufika. Fotoni yake ina elektronivolti 10.2. Oksijeni hudai 12.1, naitrojeni 15.6, mwali huu hauzitoshi, kwa hiyo hauwezi kuzitoa elektroni zake. Lakini iko huko chini hewa nyingine iliyo kidogo sana, iliyofanywa kwa atomu moja ya naitrojeni na moja ya oksijeni, nayo hudai 9.3 tu. Mwali huo hutosha, na kwa sehemu kubwa tabaka la D la siku za kawaida limefanywa hivyo, kwa hewa iliyo haba na mwali ulioponyoka.

Wimbi la redio likipanda na kukutana na elektroni huru, huzitikisa. Katika tabaka la F hewa ni nyembamba, elektroni hutikisika bila kugongana na kitu, nazo hurudisha nguvu ya wimbi. Njia ya wimbi hupinda, hata likarudi ardhini mbali sana na lilikotoka. Katika tabaka la D hewa ni nzito zaidi. Elektroni ikitikiswa hugonga chembe za hewa, na nguvu ya wimbi hupotea ikawa joto. Basi mchana, hasa kwetu huku karibu na mstari wa Ikweta ambako jua husimama utosini, tabaka la D huyameza mawimbi ya kati kabla hayajafika juu. Jua likitua, miali hukoma, elektroni za D huungana tena upesi na ayoni, na tabaka hilo hutoweka. Lakini katika F, kwa kuwa chembe ni chache na hazikutani mara kwa mara, elektroni hudumu usiku kucha. Hivyo mlango wa chini hufunguka, na dari ya juu ingali ipo. Hiyo ndiyo sababu ya sauti za mbali kusikika saa mbili za usiku.

Habari hizi hazikujulikana kwa siku moja. Tarehe 12 Desemba mwaka 1901 Bwana Guglielmo Marconi aliarifu ya kuwa amesikia katika Newfoundland ishara zilizotoka Poldhu, Uingereza, zikivuka bahari ya Atlantiki. Watu walishangaa, maana dunia ni mviringo, na mawimbi yangalipaswa kwenda moja kwa moja yakapotea angani. Mwaka 1902 Bwana Arthur Kennelly wa Marekani na Bwana Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kwa akili yake, walisema lazima liwepo tabaka lenye umeme huko juu. Mwaka 1924 Bwana Edward Appleton, kwa kutumia stesheni ya Bournemouth na mpokeo wa Oxford, alithibitisha kwamba liko na kupima kimo chake, kama kilometa 100. Yeye naye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Mawimbi mafupi, yapindwayo na matabaka hayo, ndiyo yaliyoleta matangazo ya Kiswahili kutoka London katika nyumba za Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1957.

Mtu huweza kusema, haya ni mambo ya wataalamu, yatufaa nini? Tutamjibu kwa habari ya tarehe 6 Septemba mwaka 2017. Siku hiyo kimbunga kiitwacho Irma, chenye upepo wa kilometa kama 285 kwa saa, kilikuwa kikipiga visiwa vya Karibiani. Minara ya simu ilianguka, na watu wa msaada walitegemea redio za mawimbi mafupi kuulizana nani yu hai na nani anahitaji maji. Asubuhi ile ile ya huko, ambayo kwetu ilikuwa saa tisa alasiri, jua lililipuka mlipuko mkubwa. Eksirei zake zilifika duniani kwa muda wa dakika 8 na kidogo, sawa na nuru yenyewe, kwa hiyo hakuna mjumbe aliyeweza kuzitangulia. Zilizitoa elektroni kwa wingi katika tabaka la D upande wote wa dunia uliokuwa mchana, na mawimbi mafupi yakamezwa. Wenye redio visiwani walijikuta wakiita bila kuitikiwa, wakati ambapo kuitikiwa kulikuwa uhai. Ndege moja iliyokuwa mbali na pwani ya Brazili ilipotelewa na mawasiliano kwa muda wa kama saa moja na nusu.

Aliyeelewa sababu hakutupa redio yake akidhani imeharibika. Alijua kwamba mlipuko ukipoa elektroni za D zitaungana tena, naye alingoja, au alijaribu mawimbi ya masafa ya juu zaidi, ambayo humezwa kidogo kuliko mengine. Kwa sababu hiyo wako wataalamu walitazamao jua usiku na mchana kwa vyombo vilivyo angani, na kuwapa habari marubani na mabaharia.

Kwa wanafunzi, na kwa kila apendaye kuhakikisha mwenyewe, tunatoa jaribio lisilo na gharama. Chukua redio ya mawimbi ya kati, uitafute stesheni ya mbali ambayo husikika usiku. Kwa siku saba mfululizo, andika daftarini saa ambayo sauti yake huanza kusikika jioni, na saa ambayo hupotea alfajiri. Andika pia saa ya kutua na kuchomoza kwa jua. Utaona ya kuwa sauti hufuata jua, wala haifuati saa ya ukutani, na kwamba mvua au upepo wa kijijini hauibadilishi kanuni hiyo, ingawa umeme wa radi huweza kutia mikwaruzo. Daftari hiyo ukiionyesha kwa mwalimu wako, mtakuwa mmepima pamoja kazi ya fotoni zisizoonekana, zilizo mbali juu ya mawingu, kwa chombo kilicho juu ya meza yenu.